Kabla ya Kulipia Almasi, Tazama Mkato

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Ijara, iliyotolewa mjini Masalani katika kikao cha kuadhimisha Siku ya Haki za Wateja Duniani, tarehe 15 Machi. Tumeichapisha kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Najua wapo waliocheka walipoona tangazo. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Binti yangu, nyasi zimekwisha, nawe unatuletea habari za almasi?" Ana haki ya kuuliza. Mmezoea ofisi yetu iwaletee habari za chanjo ya mifugo, basari na tahadhari ya mafuriko ya Mto Tana. Lakini mzee, hapa kwetu almasi inanunuliwa kwa ng'ombe. Ndiyo maana nimekuja.

Zamani bibi harusi alipewa dhahabu, na dhahabu sote tunaijua. Hata nyanya asiyesoma anaipima kwa mkono na kukwambia kama ni nzito au ni kitu cha kupakwa rangi. Siku hizi pete yenye jiwe imeingia. Kijana anamtumia pesa binamu yake aliye Dubai, au anapanda basi hadi Eastleigh na pesa za maksai mfukoni, na anarudi na kisanduku kidogo. Boma zima hakuna mtu anayeweza kusema kama kilicho ndani ya kisanduku kina thamani ya maksai watatu au ya mbuzi mmoja. Dheeman, tunasema, mashallah, inang'aa. Basi. Na maksai wameshapakiwa kwenye lori.

Nianze na neno moja ambalo limewatia watu hasara, neno karati. Kwa dhahabu, karati ni usafi. Dhahabu ya karati 24 ni safi tupu, ya karati 22 hugongwa muhuri wa 916, ya karati 21 hugongwa 875, na ya karati 18 hugongwa 750, maana yake sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu. Kwa almasi, karati ni uzito. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu moja ni karati tano. Muuzaji akikwambia "hii ni karati 18" anazungumzia chuma cha pete, si jiwe. Nimesikia mtu akijivunia almasi ya karati 18. Almasi ya uzito huo ingemfanya tajiri kuliko sisi sote humu ndani.

Wanaopima almasi hutazama mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Rangi maana yake ni kama jiwe ni jeupe kabisa au lina umanjano. Usafi ni kama lina vidoa na nyufa ndani. Uzito mmeshauelewa. Haya matatu jiwe hutoka nayo ardhini. Mkato ni kazi ya mkono wa binadamu, na ndio unaoamua kama jiwe litang'aa au litakaa kama kipande cha kioo cha dirisha. Ajabu ni kwamba hilo ndilo jambo wanunuzi wasilouliza. Wanauliza uzito, kwa sababu uzito ni namba rahisi, na muuzaji anapenda namba rahisi.

Watu wengi wakisikia mkato wanadhani ni umbo: duara, mraba, yai, moyo. Hilo ni umbo tu. Mkato ni jinsi nyuso ndogo za jiwe zilivyopangwa na kuinamishwa. Almasi ya duara ya kawaida ina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesawazishwa. Uso mkubwa wa juu, ule bapa, huitwa meza. Kutoka meza kushuka hadi kiunoni ni taji. Chini ya kiuno jiwe linachongoka kama koni kwenda kwenye ncha, na sehemu hiyo mimi naiita tumbo, kwa sababu mtakayoisikia baadaye.

Mmewaona vijana wa bodaboda wakicheza na kioo cha pikipiki, kumulika mwenzao machoni? Almasi hufanya hivyo kwa vioo vingi kwa wakati mmoja. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga ukuta mmoja wa tumbo, unaruka hadi ukuta wa pili, kisha unarudi juu kwenye jicho lako. Almasi hupinda mwanga kuliko karibu kila kitu chenye uwazi tunachokijua, na ndani yake mwanga unaogonga ukuta kwa mshazari wa kutosha hauwezi kutoka, lazima urudi. Ila kuta zikiinamishwa vibaya, mwanga unatokea chini kama maji ya mtungi uliotoboka. Unachomimina juu kinaishia mchangani.

Mwaka 1919 kijana mmoja wa familia ya wakataji almasi wa Ubelgiji, Marcel Tolkowsky, alikaa na hesabu akatafuta ni mwinamo gani unaorudisha mwanga mwingi zaidi. Alipata kwamba taji liiname digrii 34.5, tumbo digrii 40.75, na meza iwe asilimia 53 ya upana wa jiwe. Wataalamu wameongeza nafasi kidogo kila upande tangu wakati huo, lakini almasi nzuri ya duara bado iko karibu na hesabu hizo. Mtakapoona karatasi ya jiwe, kina chake, yaani urefu kutoka meza hadi ncha ukilinganishwa na upana, kwa kawaida kitakuwa kati ya asilimia 59 na 62 na nusu. Ikizidi sana au ikipungua sana, anza kuuliza maswali.

Jiwe lenye tumbo fupi mno likitazamwa kutoka juu huonyesha duara jeupe lililofifia ndani ya meza, kama jicho la samaki aliyekaa sokoni tangu asubuhi. Lenye tumbo refu mno huonyesha giza katikati, kama kichwa cha msumari. Na hili la pili ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu halitokei kwa bahati mbaya.

Wafugaji wenzangu mtanielewa haraka. Dalali asiye mwaminifu humlisha ng'ombe chumvi usiku, asubuhi anamnywesha maji hadi tumbo linakuwa ngoma, kisha anamleta mnadani. Ng'ombe anaonekana mnene. Wewe unalipia maji. Mkataji wa almasi naye ana kishawishi hichohicho. Jiwe ghafi likiwa mkononi mwake, akilikata kwa hesabu sahihi atapoteza uzito mwingi. Akiliachia tumbo refu na kiuno kinene, atabaki na uzito mkubwa, na almasi huuzwa kwa uzito. Uzito umefichwa tumboni, mahali ambapo pete inaufunika. Kwa juu unaona jiwe dogo, na bei ni ya jiwe kubwa.

Wale waliokataa kishawishi hicho walilipa gharama. Jiwe linaloitwa Koh-i-Noor lilitolewa India likapelekwa kwa malkia wa Uingereza, na mwaka 1851 likaonyeshwa hadharani London. Watu walipanga foleni kuliona wakaondoka wamevunjika moyo, maana halikung'aa. Mwaka uliofuata lilikatwa upya, likashuka kutoka karati 191 hadi karati 105 na kitu. Lilipoteza zaidi ya theluthi moja ya mwili wake ili liweze kuwaka. Na karibu na kwetu, Mwadui, mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania, kwenye mgodi ulioanzishwa na mjiolojia wa Kanada, John Williamson, lilipatikana mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Alipewa Elizabeth, aliyekuwa binti mfalme akiolewa mwaka huo. Lilipokatwa London lilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iligeuka vumbi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliokata walijua wanatafuta nini.

Sasa nije kwenye pete yangu, ambayo ndiyo sababu ya mimi kupewa mada hii. Ofisini wananitania kwamba mimi ni mtaalamu aliyelipia karo.

Nilipochumbiwa, mimi na mchumba wangu tulienda dukani Nairobi. Jina la duka silitaji. Nina shahada ya uandishi wa habari, nimefundishwa kuuliza nani, nini, lini na kwa nini, na siku hiyo niliuliza bei tu. Tulionyeshwa jiwe la karati 0.70, jeupe, safi, na cheti chake. Kwenye cheti, mbele ya neno la mkato, paliandikwa "Fair". Nikasoma nikaridhika. Kiingereza cha shuleni kilinifundisha kwamba "fair" ni haki, ni sawa, ni nzuri ya kutosha. Muuzaji alitabasamu na hakusema kitu. Mchumba wangu alikuwa ameuza mitamba miwili aliyoachiwa na baba yake.

Ndani ya duka, chini ya taa zile ndogo kali za darini, jiwe lilicheza kama nyota. Nilipofika Masalani nikalitazama uani kwangu saa nne asubuhi, lilikuwa na doa jeusi katikati. Nikalisugua kwa sabuni. Nikalisugua kwa mswaki. Doa halikutoka kwa sababu halikuwa uchafu.

Baadaye sonara mmoja mzee alinipimia. Upana wa uso ulikuwa milimita 5.4. Kina kilikuwa asilimia 69, na kiuno kilikuwa kinene. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umelipia sabini, unavaa sitini." Almasi ya duara ya karati 0.70 iliyokatwa vizuri inapaswa kuwa na upana wa karibu milimita 5.7. Milimita 5.4 ni uso wa jiwe la karati 0.60. Tofauti yote ilikuwa tumboni.

Ndipo nikajifunza ngazi za cheti. Maabara inayojulikana zaidi, GIA ya Marekani, tangu mwaka 2006 hutoa madaraja matano ya mkato kwa almasi nyeupe ya duara: Excellent, Very Good, Good, Fair, Poor. Fair ni ya nne kati ya tano. Chini yake kuna moja tu. Tafadhali waambieni watoto wenu wanaowasomea karatasi hizo Kiingereza: ukiona Fair, weka pesa mfukoni. Mimi ningesema msishuke chini ya Very Good. Na kama pesa hazitoshi, punguzeni uzito, msipunguze mkato. Jiwe la nusu karati lililokatwa vizuri litaonekana lenye uhai kuliko langu. Kuna watakaonipinga, wanaopenda kusema "karati moja" harusini. Sawa, lakini harusini hakuna anayetembea na mizani.

Namba chache za kukumbuka. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri ya nusu karati ina upana wa milimita 5.1 hivi. Ya karati moja, karibu 6.5. Ya karati mbili, karibu 8.2. Muombe sonara kipimo chake cha milimita, au tumia rula ya mtoto kama huna jingine. Uso ukiwa mdogo sana kuliko namba hizi, mnajua nyama imejificha wapi. Namba hizi ni za jiwe la duara peke yake. Kwa umbo la yai, moyo au mraba hesabu hubadilika, na ngazi ile ya mkato niliyoitaja ilitengenezwa kwa ajili ya duara, kwa hiyo hapo jicho lako linafanya kazi kubwa zaidi.

Jicho lifanye kazi hivi. Usikubali kuona jiwe chini ya taa za duka tu. Liombe lisogezwe dirishani, kisha litazame kivulini, hata chini ya meza. Jiwe lililokatwa vizuri huendelea kurudisha mwanga hata penye mwanga mdogo. Lisogeze polepole: weupe na weusi ubadilishane mahali kwa mpangilio, pasiwe na sehemu moja iliyokufa ambayo haiamki kamwe. Omba lenzi ya sonara inayokuza mara 10, kisha utazame kiunoni. Mara nyingi namba ya cheti imechongwa hapo kwa miale ya leza. Linganisha namba ya jiwe na ya karatasi, kisha ihakikishe kwenye tovuti ya maabara kwa simu yako ukiwa hapohapo dukani. Na wanaonunua kwa picha za WhatsApp kutoka Ghuba: picha haionyeshi mkato. Omba video, jiwe likigeuzwa, kwenye mwanga wa kawaida, pamoja na picha ya cheti kizima, si nusu.

Kuhusu bandia nitapita haraka. Kuna zirkonia, ambayo ni nzito kuliko almasi kwa ukubwa uleule, zaidi ya mara moja na nusu. Kuna moisanaiti, ambayo inaweza kudanganya hata vile vifaa vya kupima kwa joto, lakini ukiitazama kwa lenzi utaona mistari ya nyuma imekuwa miwili miwili. Kupulizia jiwe pumzi na kutazama kama ukungu unaondoka upesi ni jaribio la nyumbani, lisiwe ushahidi wako wa mwisho. Tena kuna almasi iliyotengenezwa maabara. Hiyo ni almasi kweli, inang'aa sawa na hukatwa kwa hesabu zilezile, ila bei yake ni ndogo sana kulinganisha na ya kuchimbwa. Kuinunua si kosa. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya ile nyingine bila kuambiwa. Uliza waziwazi, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Sasa mama zangu, hili nalisema kwa sababu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Dhahabu ukiipeleka kwa sonara leo atapima gramu, atatazama karati, na utapata pesa karibu na bei ya siku hiyo. Almasi haina bei ya siku moja kwa wote. Ukirudi nayo dukani huenda ukapewa sehemu ndogo ya ulicholipa, na jiwe lenye mkato mbaya huenda lisipate mnunuzi kabisa. Kwa hiyo familia inayotaka akiba ya siku ya ukame, binafsi ningeishauri inunue dhahabu au mtamba. Almasi inunuliwe na anayetaka uzuri na anayeweza kuishi bila pesa hiyo. Na ikiwa pete itaandikwa kama sehemu ya mahari, isiandikwe "pete ya almasi" peke yake. Iandikwe uzito wa jiwe, upana wake, daraja la mkato, namba ya cheti, na dhahabu ya pete ni gramu ngapi na karati ngapi. Siku ikitokea kutoelewana na mambo yakafika kwa Kadhi, maneno mawili matupu hayatawasaidia, kwa sababu hata zirkonia itadaiwa kuwa ndiyo ile.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kusimamia biashara, ikiwa ni pamoja na masoko, leseni na haki katika biashara, kwa hiyo malalamiko kuhusu duka lililo ndani ya kaunti yetu yaleteni katika ofisi ya biashara. Kwa madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Lakini yote hayo yanahitaji karatasi. Risiti yenye jina la duka, maelezo kamili ya jiwe, tarehe. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba ulilipa, hauonyeshi ulilipia nini. Kama muuzaji ameahidi kulirudisha au kulinunua tena, aandike. Mimi sikuandikiwa. Nilipopiga simu niliambiwa cheti nilikisoma na nikakubali, na kusema kweli nilikisoma.

Nimeongea vya kutosha, na sala imekaribia. Pete yangu hii hapa. Nitaanza kuipitisha upande wa akina mama. Itazameni kwanza humu ndani chini ya taa ile, halafu mtoke nayo nje, pale chini ya mgunga, mtafute doa jeusi katikati. Rula iko mezani kwa atakayetaka kupima. Kisha, tafadhali, mnirudishie, kwa sababu mwenye mitamba miwili bado anaiulizia.